Wahindi wanapobishana kuhusu India

Wale mnaokuja hapa kutafuta mambo ya hifadhidata mtaniwia radhi, leo sigusi msimbo hata mstari mmoja. Kuna jambo limenikaa tangu Septemba 2025 na nimeona afadhali niliandike.

Nilisomea sayansi ya kompyuta mjini Pune, India, kuanzia 2015 hadi 2018. (Nikisema Wahindi hapa nazungumzia Wahindi wa India. Wale wa Parklands na Ngara ni Wakenya wenzangu, wana ubishi wao mwingine.) Hosteli nililala chumba kimoja na kijana wa kutoka Nagpur. Chumba cha pili alikaa mmoja wa Kerala, na mkabala wake mmoja wa Kolkata. Majina yao nayaacha, nitawaita kwa kwao. Kila usiku baada ya chakula tulishuka kwa mzee wa chai nje ya lango, kila mtu na nusu glasi yake, na hapo ndipo vita vilipoanza. Mimi nilitarajia vijana wa kompyuta wabishane Java na Python. Wapi! Walibishana kuhusu nafasi ya India duniani.

Sisi Wakenya siasa tunaijua sana, lakini yetu huishia Namanga. Nani atakuwa gavana, nani amekula pesa za barabara. Mambo ya nje tunamwachia waziri. Hawa jamaa waliweza kukesha hadi saa nane usiku wakigombania jambo alilofanya Jawaharlal Nehru kabla baba zao hawajazaliwa.

Jambo lenyewe ni kile kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. India imekitafuta kwa miaka mingi, ikishirikiana na Brazil, Ujerumani na Japani. Nagpur alishikilia kwamba miaka ya 1950 kiti kililetwa hadi mlangoni, na Nehru kwa upole wake akasema kipewe China kwanza. Kerala alimjibu kwamba Nehru mwenyewe aliliambia bunge, Septemba 1955, kwamba hakuna aliyempa kiti chochote, rasmi wala kwa kunong'onezwa. Nagpur akaja na barua za 1950 kati ya Nehru na dada yake, Vijaya Lakshmi Pandit, aliyekuwa balozi Washington. Kolkata alikuwa akicheka tu. "Hata tungekipata," alisema, "mzee wa chai angekikalia?"

Ilinichukua muhula mzima kung'amua kwamba hawakuwa wakibishana kuhusu 1955. Nagpur alikuwa akiuliza kama dunia inawaheshimu. Kolkata alikuwa akiuliza heshima hiyo inamfikia nani. Walitumia maneno yaleyale, kwa hiyo kila mmoja alidhani mwenzake ni mjinga. Ukishawahi kuunganisha programu mbili zenye sehemu ya jina moja lakini maana tofauti, unaijua hiyo shida. Hakuna hitilafu inayojitokeza, majibu tu yanatoka kombo.

Kerala alikuwa na swali lake la tatu, na alilipata kwa mama yake. Mama alikuwa muuguzi Kuwait mwaka 1990, majeshi ya Saddam Hussein yalipoingia. Walisafirishwa kwa mabasi hadi Amman, na kutoka hapo ndege za India zikawarudisha nyumbani watu wapatao 170,000. Kwa Kerala, sera ya nje ni ile ndege. Itakuja au haitakuja?

Nilifika Pune Julai 2015. Oktoba mwaka huohuo Delhi ikaandaa mkutano mkuu wa India na Afrika. Nchi zote 54 zilialikwa na viongozi zaidi ya 40 wakaenda, akiwemo rais wetu wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Waziri Mkuu Narendra Modi aliahidi mikopo ya dola bilioni 10 na nafasi 50,000 za masomo kwa miaka mitano. Nagpur alinipiga mgongoni kana kwamba pesa zimetoka mfukoni mwake. "Bhai, unaona? Sisi na nyinyi."

Nilifurahi, siwadanganyi. Tena historia ipo. Mwaka 1948 Nehru alimtuma Apa Pant Nairobi awe kamishna wa India, na Waingereza walikerwa sana na urafiki wake na wapigania uhuru wetu. Kesi ya Kapenguria ilipoanza 1952, wakili Diwan Chaman Lall alitoka India kuja kuwatetea Jomo Kenyatta na wenzake. Hayo nilikuwa nayajua nikawa nayasimulia pale kwenye chai, na wao wakawa wanasikiliza. Nadhani huo ulikuwa usiku wangu bora zaidi India.

Miezi mitatu baadaye, mwisho wa Januari 2016, umati wa watu Bangalore ulimshambulia mwanafunzi Mtanzania na kulichoma gari alilokuwamo. Kosa lake lilikuwa nini? Muda mfupi kabla, mwanafunzi mwingine, Msudani, alikuwa amemgonga mama mmoja kwa gari na kumuua eneo hilohilo. Hawakuwa wakijuana hata kidogo. Rangi ilitosha.

Kutoka Bangalore hadi Pune ni safari ya usiku kucha kwa basi. Lakini hofu haipandi basi. Kwa wiki mbili sikutoka peke yangu giza likishaingia, na mfukoni nilikuwa na nakala ya kibali changu cha kukaa hata nikienda kununua ndizi. Nagpur aliliona hilo bila kuambiwa. Akawa anavaa viatu kila nikivaa vyangu. Nikienda dukani anasema naye ana haja ya sabuni. Nikienda kuchapisha kazi ya darasani anasema naye ana ya kuchapisha. Kijana huyu alinunua sabuni nyingi mwezi ule.

Na usiku, kwenye chai, ndiye aliyesema kwamba vyombo vya habari vinakuza mambo ili kulichafua jina la India. Kwamba visa kama hivyo hutokea kila nchi. Kwamba magazeti ya Uingereza sasa yatapata la kuandika. Kerala akamkata: "Mwenzetu si huyu hapa? Muulize yeye."

Wakanigeukia wote, na mzee wa chai pia. Nikasema, "Mimi niko sawa."

Kwa nini nilisema hivyo? Nilikuwa na miaka 19, nilikuwa mgeni, na nilimpenda yule kijana. Ni kweli pia kwamba mimi binafsi hakuna aliyenigusa. Lakini jibu lile liliumaliza mjadala, nami nilijua litaumaliza. Mei mwaka huohuo mwalimu mmoja Mkongomani alipigwa hadi kufa Delhi baada ya kugombana kuhusu teksi ya magurudumu matatu, na mabalozi wa Afrika wakasema hawatahudhuria sherehe za Siku ya Afrika zilizokuwa zimeandaliwa. Wakati huo tulikuwa kwenye mitihani na nilishukuru, maana hakuna aliyeniuliza. Julai Modi akaja Kenya, akahutubia Kasarani. Mama yangu aliona kwenye taarifa ya habari akanipigia simu. "Hao watu wako wanakutunza?" Nikamwambia ndiyo, mama.

Tulipomaliza masomo tukafungua kundi la WhatsApp na ubishi ukahamia huko. Nagpur alienda kusoma Texas, akapata kazi Dallas. Kerala yuko Dubai. Kolkata aliishia Bengaluru, anaandika programu za benki. Mimi nikarudi Nairobi.

Yapo mengi yaliyopita humo ambayo siwezi kuyaeleza yote. Juni 2020 wanajeshi 20 wa India waliuawa na Wachina bonde la Galwan, na kabla mwezi haujaisha serikali ikapiga marufuku programu 59 za Kichina, TikTok ikiwemo. Nagpur alishangilia: hatimaye tumejibu. Kolkata akamuuliza simu anayoshangilia nayo imeundwa wapi. (Alikuwa na hoja. Mwaka wa fedha wa 2023-24 India iliagiza kutoka China bidhaa za zaidi ya dola bilioni 100.) Halafu kuna mfumo wao wa malipo wa UPI, ulioanza 2016 na ambao Agosti 2023 ulipitisha miamala bilioni 10 kwa mwezi mmoja. Hapo wote watatu huwa kitu kimoja na husema dunia sasa inajifunza kwao. Mimi huwakumbusha kwamba mama yangu alikuwa akipokea pesa kwa M-Pesa tangu 2007. Hapo kundi hunyamaza kidogo.

Lakini lililonifundisha zaidi ni Februari 2022. Miaka ya 2021 na 2022 India na Kenya zilikaa pamoja kwenye Baraza la Usalama, kama wajumbe wa muda. Usiku wa tarehe 21 Februari balozi wetu Martin Kimani alitoa ile hotuba iliyozunguka dunia, akieleza jinsi Afrika ilivyokubali kuishi na mipaka iliyochorwa na wakoloni badala ya kumwaga damu bila mwisho kuibadilisha. Siku nne baadaye, Urusi ikiwa imeshaingia Ukraine, Kenya ilipiga kura ya kuilaani. India ilijizuia. Tarehe 2 Machi Baraza Kuu likapiga kura: 141 za ndiyo, 5 za hapana, 35 wakajizuia. India tena ilikuwa miongoni mwa hao 35. Majirani zetu Tanzania na Uganda pia.

Kerala alinitumia video ya Kimani na maneno mawili: "Wivu mtupu." Nilitembea Moi Avenue siku hiyo kifua mbele, kana kwamba hotuba niliiandika mimi. Kumbe ndivyo Nagpur alivyokuwa akijisikia siku zote!

Nagpur akauliza, "Mlipata nini?"

Nikamwambia si kila kitu ni biashara. Akanieleza, kwa utulivu ambao sikuuzoea kwake. Silaha nyingi za India zina asili ya Kisovieti na Kirusi, na vipuri havipatikani penginepo. Mwaka 2018 walitia saini kununua mitambo ya S-400 kwa zaidi ya dola bilioni 5. Mpakani mwao wana China, na hakuna anayetaka Urusi ielemee huko kabisa. "Wewe unaweza kuhamisha seva zako zote kwa kampuni nyingine kwa usiku mmoja?" aliniuliza. Siwezi. Nimeshajaribu, tukalala nje ya huduma siku mbili.

Kolkata, ambaye humkubalia Nagpur kitu mara moja kwa mwaka, safari hii alikuwa upande wake. Bibi yake alikumbuka 1971, wakimbizi karibu milioni 10 wakimiminika kutoka Pakistani Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh. Agosti mwaka ule India iliweka mkataba wa urafiki na Wasovieti, na Desemba, vita vikiendelea, Marekani ikaituma meli ya kubeba ndege, Enterprise, hadi Ghuba ya Bengal kuwatisha. Nyumbani kwa bibi hilo halijasahaulika.

Kisha Urusi ikaanza kuuza mafuta kwa bei ya chini. Kabla ya vita India ilikuwa ikinunua huko chini ya asilimia 2 ya mafuta yake ghafi, na ndani ya mwaka mmoja yakafika kama theluthi. Waziri wa Mambo ya Nje, S. Jaishankar, alipoulizwa Ulaya kuhusu msimamo wa nchi yake akawajibu kwamba Ulaya huona matatizo yake ni ya dunia nzima na ya dunia si yake. Video hiyo ilitumwa kundini mara saba, nilihesabu. Septemba 2022 petroli ilifika shilingi 179.30 Nairobi na Nagpur akaniuliza tena, kwa upole: mlipata nini? Lakini Kolkata naye akarudi kwenye zamu yake. Petroli ya Urusi ni nafuu, akasema, mbona pale pampu kwetu haijashuka? Nani anakula tofauti? Nagpur hakujibu hilo. Alituma tena video ya Jaishankar.

Mwaka 2024 mambo yakanifikia mlangoni. Serikali yetu ilikuwa na mpango wa kuipa kampuni ya Adani uendeshaji wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wafanyakazi wakagoma tarehe 11 Septemba, wasafiri wakakwama. Novemba waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki Gautam Adani kwa madai ya hongo huko India, kampuni ikakanusha, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba mpango wa uwanja umefutwa, pamoja na ule wa nyaya za umeme. Kundi likawaka moto. Nagpur alisema Kenya imetumiwa na Wamarekani kuiaibisha India. Kolkata akasema tangu lini kampuni ya mtu mmoja ikawa India? Walibishana kurasa na kurasa kuhusu Kenya, mimi Mkenya nikiwa palepale. Nikaandika kwamba watu wa hapa walianza kulalamika miezi kabla ya mahakama yoyote ya New York, kwa sababu ni uwanja wetu na mkataba tulikuwa tunafichwa. Nagpur aliweka alama ya dole gumba na kuendelea na Wamarekani.

Sasa Septemba 2025. Agosti Marekani ilikuwa imepandisha ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50, nusu yake ikiwa adhabu kwa ajili ya mafuta ya Urusi. Mwisho wa mwezi Modi akaenda Tianjin, China, mara ya kwanza kwa miaka saba. Nagpur alikuwa juu sana. India haimpigii mtu magoti. Kolkata alikuwa akitaja washona nguo wa Tiruppur na wakata almasi wa Surat, akiuliza wao wanapiga nini.

Ilitokea kwamba Nagpur mwenyewe alikuwa nyumbani, amekuja kwa sikukuu ya Ganesh akabaki ili baba yake afanyiwe upasuaji wa jicho. Jumamosi tarehe 20 kukiwa asubuhi kwao, zikaja habari kwamba Rais Trump ametia saini agizo: viza ya H-1B, ile wanayoitumia wenzetu wa kompyuta, itatozwa dola 100,000. Kuanza lini? Usiku wa kuamkia Jumapili saa za Washington, yaani saa tatu na nusu asubuhi kule India. Maelezo mengine hayakuwepo. Makampuni yakawaandikia wafanyakazi walioko nje warudi kabla ya saa hiyo.

Ujumbe wake kundini ulikuwa mfupi. "Kuna anayejua ndege yoyote?"

Hakuna aliyemtajia magoti. Kolkata alikaa na tikiti za Delhi, Kerala na za kupitia Dubai, mimi nikapewa kuangalia za Addis Ababa na Doha. Bei zilikuwa zikipanda tukiziangalia. Aliruka kutoka Nagpur hadi Mumbai jioni bila hata kumuaga baba vizuri, mzee ana bandeji ya jicho. Alipokuwa pale uwanjani, usiku, Ikulu ya Marekani ikafafanua kwamba ada hiyo ni ya maombi mapya tu. Walio na viza zao haiwahusu. Alikuwa amelipia tikiti tayari, na nguvu za kurudi nyumbani hakuwa nazo. Akalala kwenye kiti.

Mnamo saa tisa usiku wa Nairobi aliniandikia peke yangu, nje ya kundi. Alisema ana folda ya karatasi zake zote begani na hajaiweka chini tangu asubuhi, hata chooni ameingia nayo. Halafu: "Ile nakala ya kibali uliyokuwa unatembea nayo Pune. Nilikuwa nakucheka."

Nikamjibu kwamba hakuwa akinicheka tu, alikuwa akinisindikiza.

"Kwa sababu nilijua," akaandika.

Sikupata la kumjibu. Miaka karibu kumi, na alijua.

Alifika Dallas salama. Jumanne mtu akatuma kundini habari za kiti cha Baraza la Usalama, na kufikia mchana walikuwa wamesharudi 1955, Nehru, dada yake na barua zao. Kolkata akaniuliza mimi naonaje, Afrika nayo si inadai viti vyake? Kwa kawaida hujibu kwa mzaha. Safari hii nilifunga kazi niliyokuwa nayo, nikaandika jibu refu, nikalianzia Bangalore, Januari 2016, na usiku ule niliposema niko sawa. Nililituma kundini, si kwake peke yake.

Bado tunajibizana.